Saa ya Swichi na Usiku wa Kuamkia Jumatano

Kwa miaka kadhaa sasa kazi yangu imekuwa kutunza mtandao wa kiwanda kimoja kilicho katika Eneo la Viwanda hapa Nairobi, na ninaposema mtandao simaanishi ule wa ofisini wa barua pepe na mashine za kuchapishia, bali ule wa chini unaoziunganisha pampu, boila, mikanda ya kupakia na vidhibiti vyake. Huko chini swichi, yaani kifaa kinachopokea kebo za mitambo na kupitisha mawasiliano kati yake, haikai katika chumba chenye kiyoyozi. Hubanwa kwenye reli ya chuma ndani ya paneli, haina feni, hulishwa umeme wa volti 24 kupitia njia mbili ili moja ikikatika nyingine ishike, na hutarajiwa kuvumilia joto, vumbi na mtikisiko kwa miaka mingi bila mtu kuifungulia mlango. Watu huikumbuka siku inapofungwa na siku inapokufa. Katikati ya siku hizo mbili lipo jambo ambalo nimeliona likipuuzwa karibu kila mahali nilipofanya kazi, nalo ni saa yake. Nataka kulieleza kwa urefu kwa sababu liliwahi kumgharimu mtu.

Ilikuwa usiku wa kuamkia Jumatano. Umeme ulishuka ghafla, taa zikafifia kisha zikarudi, jenereta ikanguruma, na katika vurugu hiyo boila ikajizima na uzalishaji wote ukasimama. Kijana wa zamu aliyekuwa karibu na paneli ya boila aliandika kwenye daftari lake: "Saa nane na robo, boila imezima." Asubuhi yake swali lilikuwa moja tu, nalo ni kipi kilitangulia. Ikiwa boila ilizimika kwa sababu umeme ulishuka, shauri hilo lilikuwa la mafundi wa umeme. Ikiwa mawasiliano kati ya boila na chumba cha udhibiti yalikatika huku umeme ukiwa mzima, shauri lilikuwa langu, la kebo au la swichi. Na ikiwa umeme na mawasiliano vyote vilikuwa sawa hadi boila ilipozima, basi kuna mkono uliobonyeza kitufe cha kusimamisha, na aliyekuwa karibu na kitufe hicho alikuwa mtu mmoja.

Tulikusanya kumbukumbu za vifaa vyote. PLC ya boila, yaani kompyuta ndogo inayoiendesha, iliandika kwamba ilisimama saa 02:21:09. Kinasa picha cha kamera kilionyesha taa zikififia saa 23:15, tena ya tarehe iliyotangulia. Daftari lilisema saa nane na robo. Msimamizi wa zamu, mama mtu mzima aliyekaa kiwandani hapo kuliko sisi sote, akanigeukia.

"Injinia, na swichi inasema nini?"

"Mama, inasema kiungo cha boila kilikatika tarehe 3 Januari 1970, saa 04:12:37."

Alinyamaza kidogo. "Sasa hiyo ni kabla au ni baada?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Swichi ile haikuwa imelinganishwa na saa yoyote. Kila ilipowashwa ilianza kuhesabu upya kutoka tarehe 1 Januari 1970, ambayo ndiyo sifuri ya hesabu ya muda katika mifumo mingi ya kompyuta. Nyingine, kama baadhi ya swichi za kampuni ya Cisco, huanzia tarehe 1 Machi 1993. Kwa hiyo tarehe 3 Januari saa 04:12 ilimaanisha tu kwamba siku mbili, saa nne na dakika kumi na mbili zilikuwa zimepita tangu iwashwe mara ya mwisho, na hapakuwa na mtu aliyejua iliwashwa lini. Mstari uliofuata ulisema kwamba swichi imewaka, tarehe 1 Januari 1970, sekunde ya 38. Baina ya mistari hiyo miwili ingeweza kuwa imepita nusu sekunde au dakika ishirini, na tofauti hiyo ndiyo iliyobeba kesi nzima. Kumbukumbu za PLC tuliweza kuziokoa, kwa kuwa tulipoilinganisha na saa sahihi tulikuta imetangulia kwa dakika sita. Kinasa picha nacho kilikuwa sahihi, ila kiliandika kwa saa za UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia. Mashahidi wote walikubaliana isipokuwa yule mmoja aliyekuwa ameona njia yote ya mawasiliano.

Kijana yule alihojiwa mara tatu. Nilimkuta kwenye benchi nje ya ofisi akiwa bado na ovaroli ya usiku, daftari mkononi, kidole kimewekwa kwenye ukurasa ule kana kwamba mtu angeupotosha. Mwandiko wake ulikuwa safi, kila tukio na saa yake. Hakufukuzwa, lakini alihamishiwa ghala, na hakuna aliyeweza kumwambia amekosa nini wala kumwambia hana kosa. Kebo ya boila ilibadilishwa kwa kukisia. Tangu siku hiyo sijafunga paneli yoyote bila kuikagua saa ya swichi iliyo ndani yake.

Hapa pana jambo ambalo maelekezo ya vifaa hivi hayawezi kutuandikia, kwa sababu walioyaandika hawahesabu saa kama sisi. Tukio lile moja lilikuwa 02:15 kwa saa ya ukutani, saa nane na robo kwa kinywa cha Mswahili, na 23:15 ya jana kwa UTC. Saa zetu huhesabiwa kutoka macheo na kutoka machweo, na kwa kuwa tuko karibu kabisa na Ikweta hesabu hiyo haitikisiki mwaka mzima. Pengo kati yake na saa ya ukutani ni sita daima. Saa za Afrika Mashariki nazo ziko mbele ya UTC kwa saa tatu. Matokeo yake ni kwamba anayesoma kumbukumbu za UTC akitoa tatu hupata saa ya kinywani: ishirini na tatu toa tatu ni ishirini, ishirini toa kumi na mbili ni nane. Nimewafundisha vijana wa zamu hesabu hiyo fupi na inawasaidia zaidi ya jedwali lolote.

Tarehe ina mtego wake pia. Mtu anayesema "Jumanne usiku saa nane" na kifaa kinachoandika Jumatano 02:00 wanazungumzia wakati ule ule, na mzee wa Pwani anaweza kuuita usiku wa Jumatano kwa kuwa kwake siku huanza jua linapokuchwa. Lugha yetu tayari ina dawa, yaani maneno "usiku wa kuamkia", na nimeomba yatumike kwenye daftari la zamu kila tukio linapotokea kati ya machweo na alfajiri. Kwenye vifaa vyenyewe naandika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, kwa mfano 2025-04-03, kwa maana 03/04 huku kwetu ni tarehe tatu Aprili na Marekani ni tarehe nne Machi, na vifaa vingi tunavyovitumia havikutengenezwa huku.

Sasa nije kwenye mipangilio yenyewe. Ukiunganisha kompyuta na swichi kwa kebo ya konsoli, ile ya kuipangia, angalia kwanza kasi ya mawasiliano iliyoandikwa kwenye maelekezo, ambayo mara nyingi ni biti 9600 au 115200 kwa sekunde. Herufi za ajabu zikijaa kwenye skrini, kasi ndiyo ya kwanza kushukiwa. Wengine hutumia ukurasa wa wavuti wa swichi, nao unatosha. Kitu ambacho hakibadiliki ni mpangilio wa hatua: saa za eneo kwanza, saa yenyewe baadaye. Ndani yake swichi huhesabu kwa UTC na huonyesha saa za eneo kwa kuongeza tofauti uliyoitaja. Ukiandika saa 14:35 wakati tofauti bado ni sifuri, swichi itaamini kwamba ni 14:35 ya UTC, na ukija kutaja baadaye kwamba uko Nairobi itaruka hadi 17:35. Nimeona fundi akirekebisha saa hiyo hiyo mara nne kwa siku moja, akidhani kifaa ni kibovu, ilhali alikuwa anaanzia mwisho. Kwenye swichi za Cisco amri ni clock timezone EAT 3, ambapo EAT ni ufupisho wa Saa za Afrika Mashariki kwa Kiingereza, na baada yake ndipo clock set pamoja na saa na tarehe.

Ukurasa wa wavuti kwa kawaida hukupa orodha ya miji, na katika orodha hiyo +3 huonekana zaidi ya mara moja: Nairobi, Baghdad, Kuwait na Riyadh, wakati mwingine Moscow. Chagua Nairobi, wala usiseme zote ni sawa. Iraq ilikuwa ikisogeza saa mbele wakati wa kiangazi hadi mwaka 2007, na Urusi nayo ilifanya hivyo hadi mwaka 2011 kabla ya kubadilisha utaratibu wake tena mwaka 2014. Swichi yenye programu ya zamani bado inazikumbuka kanuni hizo na itakusogezea saa moja mwezi Machi bila kukuuliza. Kenya haisogezi saa. Kwa hiyo kisanduku cha saa za kiangazi kiachwe kimezimwa, na kama kina tarehe zilizoandikwa tayari, zifute. Katika hifadhidata ya saa za dunia inayotumiwa na kompyuta nyingi jina letu ni Africa/Nairobi, na majina ya Dar es Salaam, Kampala, Addis Ababa na Mogadishu yote huelekezwa humo humo. Kigali na Bujumbura haziko humo, ziko saa moja nyuma yetu, jambo la kukumbukwa na yeyote ambaye kampuni yake ina mitambo pande zote mbili.

Mtego mkubwa kuliko yote niliukuta kwenye swichi ambayo haikuwa na orodha ya miji. Ilitaka saa za eneo ziandikwe kwa mtindo wa zamani wa Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta, ambao alama zake ziko kinyume na matarajio: mahali palipo mbele ya UTC kwa saa tatu huandikwa EAT-3, kwa alama ya kutoa. Niliandika EAT+3, kama ambavyo karibu kila mtu angeandika, na swichi ikaenda saa tatu nyuma ya UTC badala ya saa tatu mbele, yaani ikakosea kwa saa sita kamili. Saa sita ndizo hasa zinazotenganisha saa ya ukutani na saa ya Kiswahili. Ilikuwa saa nane mchana, nikaitazama skrini ikiwa imeandika 08:00, na macho yangu yakakubali, kwa kuwa ni saa nane. Nilifunga paneli. Kosa hilo lilikaa siku tisa, na mtu asiyewaza kwa Kiswahili angeligundua palepale. Tangu hapo ninapokagua saa siiangalii tarakimu peke yake. Naisoma kwa sauti kamili, "saa kumi na nne na dakika tatu", kwa mfumo wa saa ishirini na nne, nikiilinganisha na simu iliyowekwa kwenye mfumo huo huo.

Kuweka saa kwa mkono, hata ukiweka kwa usahihi, ni nusu ya kazi, na pengine ni chini ya nusu. Swichi nyingi za viwandani zina saa ndogo ya ndani inayoshikiliwa na betri au na kapasita umeme unapokatika, ila nyingine hazina kabisa, na yenye betri nayo itachakaa. Hata ikiwa hai, saa hiyo hutegemea kipande cha kwazi kinachotikisika mara 32,768 kwa sekunde, na kipande cha kawaida hupotoka kwa sehemu ishirini hivi katika kila milioni. Ni kama sekunde moja na robo tatu kwa siku. Kwa mwaka ni dakika kumi. Kisha ongeza joto. Kwazi za aina hiyo hurekebishwa ziwe sahihi kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, na kadiri unavyojitenga na nyuzi hizo, juu au chini, ndivyo zinavyochelewa, tena kwa kipimo cha mraba: tofauti ya nyuzi 35 huzichelewesha kwa zaidi ya sekunde tatu na nusu kila siku. Paneli iliyo kando ya boila hufika nyuzi 60 bila taabu. Ukiweka kiganja kwenye mlango wake mchana wa Februari utakiondoa upesi. Swichi iliyo humo na ile iliyo kwenye ghala lenye ubaridi zikiwekwa saa pamoja leo, mwezi haujaisha hazitaafikiana kwa dakika nzima au zaidi.

Kwa hiyo swichi inahitaji mahali pa kuulizia saa, na iulize mara kwa mara. Itifaki ya kufanya hivyo ni NTP, iliyobuniwa na David L. Mills wa Chuo Kikuu cha Delaware nchini Marekani. Maelezo yake ya kwanza yalitolewa mwaka 1985, toleo la nne mwaka 2010, na Mills alifariki Januari 2024. Ninaistahi kazi yake kwa sababu ya jambo moja la kiakili. Ukimuuliza saa mtu aliye mbali, jibu lake huwa limezeeka njiani, na hujui limezeeka kwa kiasi gani. NTP hutatua hilo kwa kunukuu nyakati nne. Tuseme swichi inatuma swali ikiwa saa yake yenyewe inasema sekunde 0. Seva inalipokea saa yake ikisema sekunde 5.010 na kujibu ikisema 5.011, na jibu linaifikia swichi saa yake ikisema 0.021. Safari ya kwenda na kurudi, ukiondoa muda wa seva kufikiri, ni sekunde 0.020. Ukichukua tofauti ya kwenda, 5.010, na tofauti ya kurudi, 4.990, wastani wake ni sekunde 5 kamili: swichi imechelewa kwa sekunde tano. Njia imejipima yenyewe. Hesabu hiyo hutegemea tu kwamba kwenda na kurudi kuchukue muda sawa, na ndani ya kiwanda kimoja hilo ni karibu kweli.

Ila kuna sharti ambalo huwashangaza wengi. Programu ya kawaida ya NTP ikikuta tofauti inayozidi sekunde 1,000, yaani karibu dakika 17, huona kuna hitilafu kubwa na hukataa kurekebisha. Swichi iliyo mwaka 1970 inaweza kuuliza saa, ikajibiwa vizuri, na ikabaki mwaka 1970. Hiyo ndiyo sababu bado naweka saa kwa mkono kwanza, kisha ndipo naitaja seva. Tarehe potofu huzuia mambo mengine pia: vyeti vya usalama vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kwa kifaa kilicho mwaka 1970 hakuna cheti hata kimoja duniani ambacho kimeanza kutumika.

Iulize seva gani? Kwa mtandao wa ofisi jibu ni rahisi, anwani ya ke.pool.ntp.org inatosha. Mtandao wa mitambo haufai kuunganishwa na intaneti kwa ajili ya saa, na mimi ningepinga pendekezo hilo mbele ya mkurugenzi yeyote. Sisi tulifunga kipokezi cha GPS, antena juu ya paa la mabati mahali inapoiona mbingu pande zote, kizuia radi kwenye kebo kabla haijaingia ndani, na seva ndogo inayowapa saa vifaa vyote vya chini. Kile kizuizi kinachotenganisha ofisi na mitambo tulikifungulia kitu kimoja tu kwa ajili hiyo, poti ya UDP namba 123, yaani mlango ambao NTP hupitia, ili seva ya ofisini iwe akiba. Chanzo kilichofungwa moja kwa moja kwenye GPS huitwa ngazi ya 1, anayemuuliza huyo ni ngazi ya 2, na kuendelea hadi 15; ngazi ya 16 maana yake ni kwamba kifaa hakijalinganishwa na chochote.

Kipokezi cha GPS nacho kina tabia ya kujua. Saa ya satelaiti za GPS haifuati sekunde za nyongeza ambazo dunia huziongeza kwenye UTC, na tangu tarehe 1 Januari 2017 iko mbele ya UTC kwa sekunde 18. Satelaiti hutangaza tofauti hiyo ndani ya ujumbe ambao huchukua dakika 12 na nusu kukamilika. Kipokezi kilichowashwa sasa hivi, kwa mara ya kwanza, kinaweza kwa dakika hizo kukupa saa iliyokosea kwa sekunde kadhaa huku taa yake ikiwa ya kijani. Mimi husubiri nusu saa kabla ya kukiamini.

Kuna viwanda ambavyo hata hayo hayatoshi. Vituo vya kupozea umeme na mashine zinazopaswa kusogea pamoja hutumia PTP, itifaki nyingine ya kulinganisha saa iliyo katika kiwango cha IEEE 1588, ambayo hushuka chini ya sekunde moja ya milioni lakini hutaka swichi zilizotengenezwa kwa ajili yake. Kwa boila, pampu na mikanda, usahihi wa milisekunde chache ni wa kutosha kabisa, na pesa zinazobaki ni afadhali zinunue antena nzuri.

Ukimaliza, hakiki. Kwenye swichi za Cisco nyota ndogo mbele ya saa humaanisha kwamba kifaa chenyewe hakiiamini saa yake, na nukta humaanisha kwamba kiliwahi kulinganishwa lakini sasa kimeipoteza seva. Saa isiyo na alama yoyote ndiyo unayoitaka. Orodha ya seva nayo ionyeshe kwamba mojawapo imechaguliwa, jambo ambalo huweza kuchukua dakika kadhaa, kwa hiyo usiwe na haraka ya kubadilisha mipangilio. Hifadhi mipangilio kwenye kumbukumbu ya kudumu, kwa kuwa swichi nyingi huyashika mabadiliko kwenye kumbukumbu ya muda tu hadi uziamuru vinginevyo. Kisha fanya lile ambalo watu huliogopa: zima umeme wa swichi, njia zote mbili, hesabu hadi thelathini, washa, na kaa hapo na saa mkononi uone inachukua muda gani kuirudia saa sahihi. Ya kwetu ya boila ilichukua dakika tano na sekunde chache. Muda huo nimeuandika, kwa sababu kumbukumbu zitakazoandikwa ndani ya dakika hizo baada ya kila umeme kukatika zinapaswa kusomwa kwa tahadhari.

Mjadala wa kuandika kumbukumbu kwa UTC au kwa saa zetu bado unaendelea kati yangu na wenzangu. Huko Ulaya hoja ya UTC ina nguvu, kwani saa zinaporudishwa nyuma mwezi Oktoba saa moja nzima hutokea mara mbili, na tukio la 02:30 linaweza kuwa la kwanza au la pili. Hapa kwetu hakuna saa inayojirudia. Msimamo wangu ni saa za Nairobi zikiandikwa pamoja na +03:00 mwishoni mwa kila mstari, ili msomaji wa usiku, ambaye mara nyingi ni mtu wa zamu aliyechoka, asihitaji kufanya hesabu, na msomaji wa mbali asihitaji kukisia.

Jambo la mwisho ni la miaka ijayo, lakini kwa vifaa vya umri huu si mbali. Hesabu ya sekunde ya NTP ilianzia mwaka 1900 na chombo chake kitajaa tarehe 7 Februari 2036, Alhamisi, saa tatu na dakika 28 asubuhi kwa saa zetu. Ile ya Unix ya biti 32 itafika kikomo tarehe 19 Januari 2038, Jumanne, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi, kabla jua la Nairobi halijachomoza. Swichi ninayoifunga mwaka huu itakuwa bado iko kwenye reli yake. Kwa hiyo kila swichi mpya huilaza kwanza mezani, bila kuiunganisha na seva, naiweka saa dakika mbili kabla ya nyakati hizo, na kuitazama ikivuka. Moja ilirudi mwaka 1901. Niliirudisha kwa aliyetuuzia pamoja na picha ya skrini.

Kwa sasa swichi kumi na moja za kiwanda zinauliza saa kwenye antena moja, PLC zote pia, na juu ya mlango wa chumba cha boila tumetundika saa ya tarakimu inayofuata seva hiyo hiyo, ili daftari na mashine visome kitu kimoja. Ndani ya mlango wa kila paneli nimebandika karatasi yenye anwani ya seva, maneno "Nairobi, +3, saa za kiangazi zimezimwa", na tarehe niliyoikagua. Zimebaki swichi mbili za upande wa ghala. Kijana yule bado yuko huko, na amekubali kunishikia tochi Jumapili, mikanda ikiwa imesimama.